Nani Aliona Tangazo? Historia Fupi ya Orodha, Simu na Nafasi Hapa Arua na Koboko

 

Leo tunaandika historia, lakini siyo ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu kidogo sana: tangazo la semina. Nani hulipata, nani hulikosa, na nani anaamua. Tumeanza kuichimba kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe, na ndani yake tuko na aibu yetu. Tutaisema kwanza.

Siku moja shirika fulani lilituma tangazo kwenye grupu letu la WhatsApp. Mafunzo ya kutengeneza simu, siku tano, mjini Arua, chakula kipo, nauli inarudishwa. Nafasi 25. Chini yake wakaandika: wa kwanza kujiandikisha ndiye wa kwanza kupokelewa. Tangazo liliingia saa nne asubuhi. Kabla ya saa sita nafasi zote zilikuwa zimekwisha. Sisi tulifurahi, tukasema angalia vijana wetu walivyo na moyo.

Jioni, dada mmoja wa Lobule akawasha simu yake. Kutwa nzima ilikuwa kwenye kibanda cha kuchajia. Huyu dada ndiye anayefungua redio za majirani kwa bisibisi moja na wembe, na zikirudi zinaongea. Kama semina ile ilikuwa na mwenyewe, basi ni yeye. Aliandika neno moja tu: "Imejaa?"

Tukaenda kuangalia orodha vizuri. Majina 25. Kati yao 19 ni ya watu wa mjini. 11 ni ya watu waliokwisha kukaa kwenye semina nyingine miezi ile ile. Wawili walituambia wazi kwamba simu haziwahusu, walifuata nauli. Na majina matatu yalikuwa ya sisi tunaosimamia grupu. Hatukuiba. Tuliliona tangazo mapema kwa sababu ni sisi tuliolituma, basi. Lakini dada wa Lobule alibaki nje, na hakuna mtu aliyevunja sheria yoyote. Hapo ndipo tuliposhtuka: mambo yanaweza kwenda vibaya hivi na kila mtu yuko sawa kwa kanuni?

KABLA YA SIMU

Makazi ya Rhino Camp yalifunguliwa mwaka 1980, wengi wetu hatujazaliwa. Lobule, kule wilaya ya Koboko, inapokea Wakongomani tangu 2013. Imvepi ilifunguliwa Februari 2017, wakati watu walipokuwa wanamiminika kutoka Sudan Kusini baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016. Bidi Bidi ya Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016, na mwisho wa mwaka ule ule ikawa imejaa, ikafungwa kwa wageni wapya.

Katika makazi haya yote tangazo lilipita njia moja. Shirika linamwambia mwenyekiti wa baraza la wakimbizi, lile tunaloliita RWC. Baraza hilo linachaguliwa na lina ngazi tatu, kama vile wenyeji walivyo na LC zao. Mwenyekiti anamwambia mtu wa kipaza sauti. Mtu wa kipaza sauti anapita njiani na baiskeli. Karatasi inabandikwa kwenye ubao, karibu na mahali pa kugawia chakula.

Njia hii ilikuwa na uzuri wake. Haikuomba bando wala chaji. Lakini ilikuwa na mlango, na mlangoni kulikuwa na mtu. Kama mwenyekiti ni mjomba wako, umesikia jana. Kama uko shambani wakati baiskeli inapita, utasikia kesho kwa jirani. Na kama hujui lugha ya ubao, basi ubao ni mbao.

Wenyeji nao wanaijua hadithi hii kuliko tunavyofikiri. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka Aprili 1979, na hasa baada ya mapigano ya 1980, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Ni nchi zile zile tulizotoka sisi. Wazee wengi wa Arua na Koboko unaowaona leo walisimama kwenye foleni za wakimbizi, wakisubiri jina lao lisomwe. Mzee mmoja wa Koboko alituambia hivi: "Nyinyi mnalia kwa sababu ya simu. Sisi tulilia kwa sababu ya karani." Tulicheka, lakini neno lile tumelibeba.

Basi redio ikaja. Radio Pacis ya Arua ilianza kurusha matangazo mwaka 2004, na mwaka 2007 ilipata tuzo ya BBC ya redio mpya bora Afrika. Redio iliondoa mlango mmoja. Mtu wa mbali alisikia saa ile ile na mtu wa mjini, bila kumjua mwenyekiti. Lakini redio inasema, haisikilizi. Huwezi kuijibu "mimi nataka". Tangazo lilifika kwa wote, na orodha ilibaki ofisini Arua. Aliye karibu na ofisi akatangulia.

Tafadhali shikeni jambo hili, maana ndilo litakaloturudia mpaka mwisho: tangazo kufika ni jambo moja, na nafasi kugawanywa ni jambo lingine.

LAINI KWA JINA LA NANI?

Tulipopata simu tuliona mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Uganda ilianza kusajili laini za simu mwaka 2012. Mwaka 2017 serikali ikabana zaidi, kila laini ifungwe na kitambulisho cha taifa. Sasa mkimbizi ana kitambulisho cha taifa gani? Wengi wetu tulitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki, la mwenye nyumba, au la mtu tuliyemlipa kidogo. Laini ikizimwa, namba imepotea, na grupu limepotea nayo. Mwezi Agosti 2019 tume ya mawasiliano, UCC, ikaruhusu mkimbizi kusajili laini kwa kitambulisho cha ukimbizi au kwa barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ulikuwa ushindi mkubwa ambao haukupigiwa vigelegele.

Kabla ya hapo ilikuja kodi. Tarehe 1 Julai 2018, kila anayetaka kuingia WhatsApp, Facebook au Twitter nchini Uganda alitakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku. Wenye mishahara waliiona ndogo. Lakini kwa mtu wa makazi asiye na kazi, 200 ni swali la kila asubuhi: nilipe leo, au nisubiri mpaka nione kama kuna jambo? Na hutajua kama kuna jambo mpaka ulipe. Kodi ile ilifutwa katikati ya 2021, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe.

Halafu Januari 2021. Siku mbili kabla ya uchaguzi mitandao ya kijamii ilifungwa, na usiku wa kuamkia siku ya kura, tarehe 14, intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, Facebook haikurudi. Tangu hapo anayetaka Facebook Uganda anaingia kwa VPN, na VPN inakula bando. Mashirika mengine yakaendelea kuweka matangazo yao Facebook kama vile hakuna kilichotokea. Mtu wa ofisini yuko na intaneti ya ofisi, hajui kwamba ameweka ubao wake nyuma ya ukuta.

MASHINE INAYOCHAGUA NANI AONE

Hata kabla ya kufungwa, Facebook ilikuwa na mlango wake ambao haukuonekana. Ilianza mwaka 2004. Mwezi Septemba 2006 ilileta ukurasa ule wa habari unaojipanga wenyewe mbele yako. Wengi wetu tulidhani ukiweka posti, rafiki zako wote wanaiona. Siyo hivyo. Kanuni za kompyuta zinakadiria nani atapenda nini, na anayekadiriwa hatapenda haonyeshwi, au anaonyeshwa chini kabisa. Mwezi Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba posti za marafiki na familia zitapandishwa, na zile za kurasa za biashara na vyombo vya habari zitapungua. Ukurasa wa shirika nao ni ukurasa. Kumbe mtu asiye na rafiki kazini hatajua kazi ipo, na hakuna aliyemnyima kwa makusudi.

Kuna jambo baya zaidi. Mashine inajifunza kwa yaliyopita. Ukibonyeza matangazo ya semina mara tatu, inasema huyu anapenda semina, ikuletee ya nne. Yule ambaye hakuwa na bando mara tatu zile, mashine inasema huyu hapendi. Hajui semina, kwa hiyo haletewi semina, kwa hiyo hatajua semina. Ni kama karani anayesema: wewe hukuja jana, kwa hiyo hutaki kuja leo.

Kwa WhatsApp mashine haipangi hivyo, tangazo linaingia kwa wote waliomo. Sawa. Lakini nani waliomo? Mpaka mwanzo wa 2016 grupu lilibeba watu 100. Halafu 256. Mwaka 2022 ikafika 512, na baadaye mwaka huo 1024. Sisi tulijaa wakati wa 256. Tukafungua grupu la pili, tukaliita B. Walioingia B walikuwa wale waliochelewa kupata simu: wengi ni wasichana, wengi ni wa Lobule na wa ndani kabisa ya Imvepi. Matangazo tulituma kwanza A, na tukikumbuka, tukatuma B. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba wasichana wapate habari baadaye. Lakini ndivyo ilivyokuwa, karibu miaka miwili.

Mnaona mstari wa historia hii? Kila chombo kipya kilibomoa mlango wa zamani na kujenga mwingine. Kipaza sauti kilimwacha aliye shambani. Redio ilimwacha aliye mbali na ofisi. Laini ilimwacha asiye na karatasi. Kodi ilimwacha asiye na 200. Grupu lilimwacha aliyechelewa. Na kila mara tulisema, hii sasa ni ya wote.

MADAKTARI WA MAREKANI NA MBIO ZAO

Mwalimu mmoja wa hesabu anayekuja kutusaidia na kompyuta alisikia malalamiko yetu. Akatuambia kwamba shida hii ina umri, na kuna watu waliipata wakaitafutia dawa. Hadithi aliyotupa ni ya mbali, lakini mtajiona ndani yake.

Miaka ya 1940 hospitali za Marekani zilikuwa zinagombania madaktari wanaomaliza masomo. Kila hospitali ilitaka kuwahi. Ikawa kijana anaahidiwa nafasi miaka miwili kabla hajamaliza, hata hajulikani atakuwa daktari wa namna gani. Walipokataza kuwahi, mbio zikahamia kwenye kujibu. Mwaka 1945 kijana alipewa siku kumi za kufikiri. Kufikia 1949 hata saa 12 zilionekana nyingi mno. Simu inalia: unakubali au hukubali, sema sasa. Aliyekubali haraka alipata hospitali asiyoitaka sana. Aliyesubiri alikosa zote. Ni tangazo letu la saa nne asubuhi, si ndiyo?

Dawa yao haikuwa simu zenye kasi zaidi. Walisimamisha mbio. Kuanzia 1952, kila kijana anaandika hospitali anazozitaka kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila hospitali inaandika vijana inaowataka. Karatasi zote zinasubiriana. Halafu siku moja zinalinganishwa pamoja. Hakuna anayepata zaidi kwa sababu alijibu saa nne badala ya jioni.

Mwaka 1962 wanahesabu wawili, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika jinsi ulinganishaji wa namna hii unavyoweza kufanywa. Tuieleze kwa semina. Kila kijana anaomba semina anayoipenda zaidi. Semina inawashika kwa muda wale inaowahitaji zaidi mpaka nafasi zijae, wengine inawaachia. Aliyeachiwa anaomba ya pili yake. Semina ikipata mwombaji inayemhitaji zaidi, inaweza kumwachia iliyemshika, naye anaenda kuomba ya kwake inayofuata. Inaendelea hivyo mpaka hakuna anayesogea. Mwisho wake, huwezi kupata kijana na semina ambao wote wawili wangependa kutoroka kile walichopewa ili wakutane. Mwaka 2012 Shapley na mwenzake Alvin Roth walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hii. Roth ndiye aliyesaidia kuutengeneza upya mfumo wa madaktari, na tangu 1998 umekuwa ukianzia kwa matakwa ya kijana, siyo ya hospitali. Maana hesabu yenyewe ina upande: anayeomba kwanza ndiye inayempendelea. Hata hapo inabidi uulize, imeanzia kwa nani?

JUMLA KUBWA AU MTU WA CHINI?

Watu wa kompyuta nao waliingia kwenye shida hii. Mtandao wa Meetup ulianza New York mwaka 2002, kazi yake kukutanisha watu kwa matukio. Baadaye wataalamu wakaanza kuuliza: ukiwa na watu wengi na matukio mengi, kila tukio lina nafasi zake, na mengine yanagongana siku, utampeleka nani wapi?

Jibu linalokuja haraka ni hili: tafuta mgawanyo unaotoa furaha kubwa kwa jumla. Inasikika vizuri. Mwalimu akatuchorea mfano ubaoni.

Kuna semina mbili Jumamosi, kompyuta na ushonaji, kila moja imebaki nafasi moja. Kijana wa kwanza anaipa kompyuta alama 10 na ushonaji 5. Wa pili anaipa kompyuta 5 na ushonaji 1. Ukimpa wa kwanza kompyuta na wa pili ushonaji, jumla ni 11. Ukibadilisha, wa kwanza ushonaji na wa pili kompyuta, jumla ni 10. Mashine inayotafuta jumla itachukua 11. Lakini ndani ya 11 kuna mtu amebaki na 1. Ndani ya 10, kila mtu yuko na 5.

Darasa likagawanyika. Wengine walisema kijana wa kwanza ana moyo wa kompyuta, kwa nini anyimwe? Mwingine akauliza, na alama hizi nani aliziandika? Kama kijana wa pili hajawahi kugusa kompyuta, atajuaje kwamba anaipenda 5 au 9? Kimya kikaja. Swali lile hatujalimaliza mpaka leo. Lakini tulikubaliana hili: jumla kubwa inaweza kuficha mtu mmoja chini, na kila mara ni mtu yule yule. Kama ni zamu, leo wewe kesho mimi, tunavumilia. Kama ni jina lile lile, huo si mgawanyo, ni desturi mbaya.

Kwa upande mwingine, orodha isiyoangaliwa nayo ni hatari. Mwaka 2018 Uganda na UNHCR walihakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole na macho. Kabla ya hapo vitabu vilisema tuko kama milioni 1.4. Baada ya uhakiki tulikuwa kama milioni 1.1. Sisi tunaodai haki ya orodha lazima tukubali orodha ikaguliwe, hata ile ya kwetu.

TULICHOFANYA SISI

Tulikaa chini ya mwembe, watu wa A na wa B pamoja, tukaandika kanuni kwenye daftari. Si za kompyuta. Ni kalamu.

Ya kwanza, tumeua "wa kwanza kufika". Tangazo likija, linakaa wazi saa 48. Anayejiandikisha dakika ya mwisho ni sawa na wa dakika ya kwanza.

Ya pili, tangazo linapita njia tatu: WhatsApp zote mbili saa ile ile, ujumbe mfupi kwa wenye simu za tochi, na mdomo. Kila eneo lina mtu wake anayelisoma kwenye bomba la maji, baada ya misa na baada ya sala ya Ijumaa. Kule tunatumia Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa, Kibari, lugha yoyote ya wasikilizaji.

Ya tatu, kila mtu anaandika mambo matatu anayotaka kujifunza, kwa mpangilio, na siku asizoweza. Mama mwenye mtoto mchanga anaandika hivyo, ili tuulize shirika kama kuna mahali pa mtoto kabla hatujapeleka jina.

Ya nne, nafasi zinagawanywa kwanza kwa sehemu: Rhino, Imvepi, Lobule, mjini, na vijana wenyeji. Uganda yenyewe ina utaratibu kwamba sehemu ya msaada, kama asilimia 30, iwafikie wenyeji. Sisi tumeona ni haki. Kijana Mlugbara au Mkakwa asiye na kazi hapa jirani naye hakuliona tangazo.

Ya tano, ndani ya kila sehemu, ambaye hajahudhuria kitu miezi mitatu anatangulia. Wakilingana, tunapiga kura kwa vizibo vya soda, mbele ya watu, siyo chumbani.

Ya sita, orodha inawekwa wazi pamoja na ya wanaosubiri, na sababu. Sisi wasimamizi tuko mwisho kabisa. Nafasi ikibaki, tunaingia. Isipobaki, tunabaki na daftari.

HAIKUWA RAHISI

Hatutaki kuwadanganya. Mara ya kwanza tulipotumia kanuni hizi palikuwa na nafasi 30, na 14 walikuwa watu wasiowahi kukaa kwenye semina yoyote. Tulijisikia wakubwa. Halafu siku ya semina, watano kati ya hao 14 hawakufika. Shirika likatuambia: mnaona, haki yenu imeacha viti vitupu, wale wa zamani wangekuja.

Tukaenda kuwauliza watano. Wanne walisema kitu kimoja: nauli inarudishwa, lakini wewe uitoe kwanza. Kutoka mji wa Koboko mpaka Arua ni zaidi ya kilomita 50. Lami ipo, inatoka Vurra mpaka Oraba mpakani, na gari lipo. Hela ya kutanguliza ndiyo haipo. Na kabla ya lami kuna boda kutoka Lobule. Kumbe hata kanuni yetu nzuri ilikuwa na mlango: inamkaribisha asiye na kitu, halafu inamwambia anza kulipa. Sasa tunaliomba shirika litume nauli ya kwenda kwa simu siku moja kabla, kwa walio mbali. Mengine yamekubali. Mengine yanasema mhasibu hakubali.

Tulipoteza pia mwenzetu mmoja, msimamizi kama sisi. Alisema amejitolea miaka minne bila mshahara, semina ndiyo ilikuwa malipo yake, na sasa tumemweka mwisho. Akatoka kwenye grupu. Hatukuwa na jibu zuri. Alikuwa na haki yake pia. Tangu hapo tumeandika kwamba anayejitolea mwaka mzima apewe nafasi moja anayoichagua, wazi, kwa jina lake, siyo kwa kuwahi.

KWA NYINYI WA MASHIRIKA

Tunaomba mambo machache, kwa heshima. Msitume tangazo leo mkitaka majina leo. Tunajua bajeti inaisha mwezi ule, lakini haraka yenu inachagua watu kabla yenu. Msiweke tangazo Facebook peke yake. Msihesabu mafanikio kwa viti vilivyojaa tu, hesabuni ni wangapi hawajawahi kukaa kwenye viti vile. Na mnapouliza "kwa nini tunaona sura zile zile?", angalieni saa mliyotuma.

Na kwetu sisi vijana: ukiona tangazo, kabla ya kuandika jina lako, mpigie mmoja ambaye simu yake imezima. Ukimkosa, tembea. Kanuni haitafanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Mtauliza yule dada wa Lobule aliishia wapi. Mafunzo ya kutengeneza simu hayakurudi tena, mradi uliisha. Bado anafungua redio kwa bisibisi yake. Lakini daftari la Lobule sasa liko kwake. Wiki iliyopita lilikuja tangazo, akalisoma kwenye bomba la maji, akakusanya majina 17, akayaandika kwa mpangilio bila kuangalia nani alisema kwanza. La kwake halikuwamo, kwa sababu ilikuwa semina ya kilimo na yeye hataki kilimo. Tulipomuuliza alisema: "Nasubiri ya kwangu. Safari hii nitaiona."

Tunakutana Jumamosi chini ya mwembe, saa tisa. Aliye mbali atume majibu kwa mtu wa daftari wa eneo lake. Hatufungi kabla ya saa 48.